Muko munasoma sheria, lakini mu homu sheria iko wapi?

Ndugu na dada wa Droa, hii barua ni yenu. Wale wa medsini, wa politeknike na wa ekonomia wasome pia, juu mambo ni yale yale, lakini leo tunasemesha wale wanaoitana "Maître" tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, mbele hata ya kujua mlango wa bibliotheki.

Tunawapenda. Kati yetu wengi wametoka kwenye oditoriumu hizo. Tunajua suti moja inayofuliwa usiku na kupigwa pasi asubuhi kama umeme uko. Tunajua tai ya kuazima siku ya kutetea kazi ya mwisho. Tunajua ule Kifaransa kizito ambacho mutu anaanza kukitumia hata akienda kununua mandazi kwa mama wa kona. Hiyo yote ni ujana, haiumizi mutu. Kinachoumiza ni hiki: kwenye kampusi ya Droa sheria inafundishwa kutoka asubuhi, na ikifika saa kumi na mbili ya jioni, wakati kila mutu amerudi homu, inabaki imefungiwa ndani ya silabusi.

Tuanze na homu.

Zile nyumba hatukuzijenga sisi. Lovanium ilianza mu 1954 juu ya mlima kule Kinshasa, chuo cha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kikafungua milango mu 1956, na wote wawili walifikiria mwanafunzi kama mutu anayelala, anayekula na anayesoma fasi moja. Wazee wetu wanasimulia restora na bursi mpaka unafikiri wanasema ndoto. Mu 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vyote kuwa UNAZA, mu 1981 wakavitenganisha tena kuwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, wanafunzi wakaongezeka, na vyumba havikuwafuata. Leo chumba kilichofikiriwa kwa watu wawili kinalaza sita, saba, wengine chini kwenye godoro linalokunjwa mbele ya jua kutoka. Yule asiye na jina kwenye liste anaitwa makizari, kama vile yuko msituni na bunduki. Anaishi kwa huruma ya mwenye chumba: anachota maji, anapika, anafua.

Hapo serikali iko na deni kubwa, na hatutaacha kuidai. Lakini tuulizane pia sisi kwa sisi: nani anauza vyumba?

Chumba cha homu ni mali ya serikali. Mwanafunzi anapewa kukitumia, hakupewa kukiuza. Lakini kila mwisho wa mwaka soko inafunguka: finalisti "anaacha" chumba kwa yule aliye na dola nyingi, na liste ya ofisi inakuja kurekebishwa nyuma. Tumeona kwa macho yetu mapatano ya namna hii kwenye karatasi ya kayee, na tarehe, na saini ya mashahidi wawili, imeandikwa vizuri kabisa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Droa. Alikuwa amefaulu somo la mali. Alijua kwamba mwenye kutumia si mwenye mali, na kwamba kuuza kitu kisicho chako ni bure mbele ya sheria. Alijua, na akaandika. Mnunuzi, wa Droa pia, alijua, na akasaini. Kati ya hao wawili nani ataenda kumshitaki mwenzake?

Kisha kuna habari ya ma-bleu. Mutasema ni mchezo, ni kujenga umoja, kila mutu alipita pale. Kuimba, kucheza, kushika majina ya ma-yaya wa homu, sawa, hatuna neno. Lakini kumuamsha mtoto aliyetoka jana Kindu ao Kalemie saa nane ya usiku, kumpigisha magoti mbele ya "tribinali", kumsomea mashitaka ya uongo, kumkataza kujibu, kumpatia azabu na kumnyanganya makuta ya chakula eti ni "fidia", hiyo si mchezo. Muangalie vizuri kitu munachojenga: korti ya usiku, mushitakiwa bila mtetezi, hakimu ambaye ni mushitaki pia, na fidia inayoingia mu mfuko wa hakimu. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hiyo kwenye oditoriumu. Muliiona fasi fulani mu hii inchi, na munaiigiza vizuri sana. Na yule bleu aliye magotini hajifunzi kuichukia. Anahesabu miezi paka zamu yake ya kukaa kwenye kiti ifike.

Mchana mambo yanavaa suti. Profesa anaandika silabusi: vizuri, kazi ya akili inastahili malipo, na mwenye kutaka kuinunua ainunue. Inaanza kunuka pale chef wa promosyo anaposimama mbele na kayee mkononi na kusema: "Liste inafungwa siku ya Ijumaa. Asiyekuwa pale asishangae." Ministeri imekwisha kukataza kuuza silabusi kwa nguvu, kila mutu anajua, na liste inafungwa tu Ijumaa. Basi hapo hauuziwi kitabu, unauziwa jina lako kwenye liste. Ndiyo maana kuna wanaolipa na hawaendi hata kuichukua. Na ukiichukua, mara nyingine unakuta kilichobadilishwa ni kifuniko na mwaka. Kode ya Familia ya 1987 ilirekebishwa mu 2016. Musishangae mukikuta silabusi ambayo haijapata habari, na mwanafunzi aliyeibloka kwa kichwa mpaka koma.

Tuliambiwa LMD ndiyo itatuponyesha. Sheria ya 2014 iliitaja, na kwa mwaka wa masomo 2021-2022 ikapanuliwa: kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi, mwanafunzi katikati, mwalimu kama musindikizaji. Jina limebadilika kweli, G1 imekuwa L1. Chef wa promosyo na kayee yake walihamia mu LMD bila kupoteza hata siku moja.

Sasa tuseme ile ambayo mu kampusi inasemwa kwa kicheko. Munaziita "pointi zinazoambukizwa kwa ngono". Mutu wa kwanza aliyesema hivyo labda alitaka kufichua uovu, lakini leo imekuwa kichekesho cha koridori, na kichekesho kinazoeza masikio. Tuseme bila kucheka: asistanti anamwita dada "kuja kuona kopi yake", si mu ofisi, lakini mu hoteli ndogo ao kwake nyumbani. Dada akikataa, anapata 8 juu ya 20, na hapo kopi haionekani tena na mutu yeyote.

Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliingiza mu Kode Penali kifungu 174d. Anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsukuma mwingine ili apate ngono anaweza kufungwa kutoka mwaka 1 mpaka 12. Haiko kosa la nidhamu, haiko "tabia mbaya ya mwalimu", ni kosa la jinai, na kifungu chenyewe kinafundishwa mu droa penali, na kinaulizwa kwenye mtihani. Fikiria: dada anaandika kwenye kopi yake maana ya kosa, elema kwa elema, na yule atakayekota ile kopi ndiye aliyemtumia ujumbe jana usiku.

Kifungu hicho kinasema pia kwamba mashitaka yanategemea malalamiko ya yule aliyetendwa. Hapo njia inafungwa, juu kila mutu anajua kwamba atakayekota mwaka kesho ni rafiki wa yule anayekota mwaka huu. Dada atalalamika kwa nani, na atabaki mu promosyo gani?

Lakini kuna sehemu ambayo ni ya kwetu, wanaume wa homu. Dada akipata 16 mu droa sivili, neno la kwanza linalotoka ni: "Tunajua alipita wapi." Kumbe alibloka miezi na miezi kwa tochi ya simu, mu chumba cha watu saba. Kwa neno moja munamwibia kazi yake, na munamfundisha yule mwingine, aliyesumbuliwa kweli, kwamba akifungua mdomo atachekwa. Asistanti wa namna ile hahitaji kutafuta walinzi. Muko munamlinda bure.

Halafu kuna ule ujumbe wa usiku kwa profesa. Mitwele ya wale wa teritware fulani, pamoja na mzee mmoja anayejua nyumba, wanaenda kusalimia "mwalimu wetu", na kuku, na kreti ya vinywaji, na liste ya watoto wa nyumbani walioanguka. Kifungu 13 cha Katiba kinakataza kumbagua Mkongomani katika masomo juu ya kabila lake ao asili ya jamaa yake. Mitwele yenyewe si dhambi, tuelewane. Mukigonjwa mu homu ni mitwele inatafuta taksi usiku, na kama mutu amekufa ni mitwele inachanga kusafirisha maiti. Lakini mukikubali kwamba pointi iko na kabila, munakubali kitu ambacho hamutajua kukisimamisha.

Lubumbashi inajua. Usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache nyuma ya Mobutu kutangaza tarehe 24 Aprili kwamba chama kimoja kimeisha, watu wenye silaha waliingia mu homu za kampusi na kuwashambulia wanafunzi fasi wanapolala. Kuna waliouawa; hesabu yao haijakubaliwa na wote mpaka leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire. Na waliopona ile usiku wanasimulia namna lugha na maneno ya siri yalitumika kuchagua nani apite na nani abaki. Ilikuwa mu koridori, kati ya milango ya vyumba, kama ile munayopitia kila siku na ndoo ya maji.

Tunasikia majibu yenu tayari. La kwanza: "Profesa halipwi vizuri." Ni kweli. Migomo ya walimu wa vyuo tumeiona, madai yao tunayaunga mkono. Lakini muangalie makuta ya silabusi inatoka wapi. Haitoki kwa waziri. Inatoka kwa mama anayeuza makala, kwa baba anayeendesha moto mpaka saa nne ya usiku. Mwalimu aliyenyimwa haki yake na serikali anaenda kuichukua kwa mutu mdogo kuliko yeye, sawa tu na polisi wa rond-point na motari. Yule polisi munamrekodi kwa simu na munamtukana. Huyu munamwita "Mwalimu mpendwa".

La pili linatuchosha zaidi: "Acha kwanza nimalize. Nikiwa hakimu, nitabadilisha." Mu 2022 Baraza Kuu la Mahakimu lilipanga shindano la kuchukua mahakimu wapya 5.000. Ni kitu kikubwa, inchi ilikuwa na njaa ya mahakimu. Hao 5.000 walitoka wapi? Walitoka mbele ya valvu zile zile, mu koridori zile zile. Kati yao kuna watu safi, tunawajua, na tunawaheshimu zaidi juu tunajua walipita wapi. Lakini mutu aliyejifunza miaka mitano mizima kwamba kila saini iko na bei, kwamba kopi haionyeshwi kwa mwenyewe, kwamba anayelalamika ndiye anayeumia, siku gani hasa atasahau hiyo? Siku ya kuvaa joho? Watamtuma teritware ya mbali, mshahara utachelewa, na asubuhi moja mwenye kesi ya shamba ataingia mu ofisi na bahasha. Atakuwa amekwisha kufanya mazoezi.

Hatusemi kwamba woga wenu hauna sababu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka mjini kudai bursi na maisha mazuri, askari wakawapiga risasi. Mu 1971 walipokumbuka wafu wao, Mobutu akawaingiza jeshini kwa nguvu. Mu Januari 2020, kule UNIKIN, wanafunzi walikasirika juu ya ada za masomo. Masomo yakasimamishwa na wakaaji wa homu wakaamriwa kutoka na mizigo yao. Muangalie vizuri ile amri ya mwisho. Kwa mwanafunzi wa homu, silaha ya mkubwa ni kitanda. Anayelala kwa huruma ya ofisi hawezi kuisemesha ile ofisi kwa sauti.

Ndiyo maana soko ya vyumba si jambo dogo, hata kama munaiona ni bizinesi ya wanafunzi tu. Yule aliyenunua chumba bila haki ndiye wa kwanza kunyamaza, juu anaweza kutolewa siku yoyote, na watakaomtoa watakuwa na sheria upande wao. Yule aliyelipa liste ya silabusi naye hawezi kushuhudia, juu Kode Penali inamuazibu anayepokea na anayetoa. Kila mutu mu homu anashikwa na kamba yake mwenyewe, na aliyeifunga ni yeye. Utawala hauhitaji kuwatisha.

Tunachodai hakiombi hata franka moja ya bajeti. Kopi ionyeshwe kwa mwenyewe, na kuwe siku zinazojulikana za kulalamika kisha matokeo kutoka. Liste ya vyumba ibandikwe kwenye valvu mwanzo wa mwaka, jina na namba ya chumba, ili kila makizari ajue kama alinunua hewa. Silabusi iuzwe kama kitabu, kwa anayetaka, bila jina kuandikwa popote. Na dada akileta malalamiko, apokewe na mutu asiyekuwa wa fakilte ile, na kopi zake zikotwe na mwingine mpaka neno liishe. Hii ya mwisho ndiyo hatutakubali kuipunguza. Zingine tunaweza kuongea.

Njia iko, na muliisoma mwaka wa kwanza. Kifungu 27 cha Katiba: kila Mkongomani ana haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka ya umma, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inajibu katika miezi mitatu. Rekta wa chuo cha serikali ni mamlaka ya umma. Kwa vyuo vya watu binafsi, muandikie ministeri. Kuandamana ni haki pia, kifungu 26, lakini hapo Katiba inaomba kujulisha kwa maandishi, na munajua namna "kujulisha" imegeuka kuwa "kuomba ruhusa" mu midomo ya ma-meya. Petisyo haifungi barabara, haichomi tairi, haimpatii mutu sababu ya kuwatoa mu homu. Inaleta tu tarehe. Na tarehe ni kitu ambacho ofisi za kwetu zinaogopa sana.

Basi, ma-Maître, tuone kazi. Karatasi moja, Kifaransa kizuri, bila matusi, bila jina la profesa yeyote: munadai utaratibu, hamushitaki mutu, kesi za watu ziende parketi. Vifungu viandikwe kwa namba. Saini zipigwe kwa duara, si kwa mustari, ili pasiwe mutu wa kwanza wa kuitwa ofisini. Ma-chef wa promosyo wasaini nao, na anayekataa aulizwe mbele ya promosyo yake kwa nini. Mupige picha kila ukurasa mbele ya kuupeleka. Kopi ni mbili: moja inabaki kwa sekretariati, ya pili inarudi na muhuri na tarehe ya kupokea. Siku ile ndiyo siku ya kwanza ya miezi mitatu. Kama sekretariati inakataa kupiga muhuri, musibishane. Muandike saa, tarehe na kazi ya yule aliyekataa, mashahidi wawili wasaini pale pale kwenye ngazi, na siku ile ile mupeleke kopi zingine mbili kwa ministeri, mukieleza kilichotokea. Kisha mutuletee picha. Sisi tutahesabu siku pamoja na nyinyi, na tutazihesabu hapa, mbele ya watu wote.